MAZIWA YA MAMA ALIYERUDI KAZINI: MFANO WA NJOMBE NA MAKAMBAKO

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inampa mama aliyejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 ikiwa amejifungua watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Siku 84 ni wiki 12. Wataalamu wa afya nao wanaelekeza kwamba mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee, bila maji, uji wala maziwa ya ng'ombe, kwa miezi 6 ya mwanzo, yaani wiki 26. Baina ya hesabu hizo mbili pana pengo la wiki 14. Sheria inamruhusu mama aanze likizo hata wiki 4 kabla ya siku anayotarajiwa kujifungua, na akifanya hivyo pengo hilo hufikia wiki 18. Katika wiki hizo ndipo kina mama wengi husema kuwa maziwa yamewakauka, na ndipo kikombe cha uji mwepesi huanza kupita kinywani mwa mtoto ambaye tumbo lake halijawa tayari kwa chakula.

Makala haya yanaeleza kwa nini maziwa hupungua wakati huo na namna ya kuyahifadhi. Mfano umechukuliwa kutoka Njombe na Makambako, huko Nyanda za Juu Kusini, na msomaji wa Unguja na Pemba ana haki ya kuuliza sababu.

Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Iringa mwaka 2012, ni ghala la chakula. Huko hulimwa mahindi, viazi mviringo, maharage, ngano na parachichi, na ng'ombe wa maziwa wapo. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban watoto 50 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 mkoani humo wamedumaa, ilhali wastani wa taifa ulikuwa watoto 30 katika kila 100. Udumavu una sababu nyingi, na si haki kuulaumu unyonyeshaji peke yake. Lakini watu wa lishe hawaachi kuitaja moja: kazi za mama ni nyingi, na muda anaobakiwa nao wa kukaa na mtoto ni mchache. Mahali palipojaa chakula na bado mtoto akadumaa, ni lazima swali liulizwe kuhusu muda.

Sababu ya pili ni aina ya kazi zenyewe. Mashamba ya chai ya Kibena, Luponde na Lupembe huajiri wachumaji wanawake kwa wingi. Kampuni ya miwati, iliyoanzishwa mwaka 1949, ilileta ajira za misitu na mbao. Makambako ni mji wa njia panda, ambapo barabara kuu iendayo Mbeya huachana na ile iendayo Njombe na Songea, na ambapo reli ya TAZARA ina stesheni. Soko lake halilali. Kuna walimu, wauguzi, makarani, wachumaji, wapakiaji wa parachichi na mama wauza vitunguu. Mfanyakazi wa hoteli Nungwi, mchumaji wa karafuu Pemba na mkulima wa mwani Paje wataona sura zao humo, ingawa hali ya hewa ni nyingine kabisa. Izingatiwe tu kwamba masharti ya sheria yanayotajwa hapa ni ya Bara. Kwa Zanzibar hutumika Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005, na mtumishi wa visiwani anatakiwa asome masharti yake humo.

Ili kujua dawa, yafaa kujua kwanza maziwa yanavyotengenezwa. Wengi hulifikiria titi kama mtungi: asubuhi umejaa, mchana umetumika, usiku unajazwa tena, na kwamba mama akiyahifadhi maziwa kutwa kazini, jioni atakuwa nayo mengi zaidi. Ukweli ni kinyume chake. Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hutoa homoni mbili. Moja huitwa prolaktini, nayo huamuru maziwa yatengenezwe. Ya pili huitwa oksitosini, nayo hukamua vifuko vidogo vya ndani ili maziwa yateremke. Zaidi ya hizo, ndani ya titi lenyewe kuna breki. Maziwa yakikaa humo muda mrefu, yanaliarifu titi kuwa hayahitajiki, nalo hupunguza kasi ya kutengeneza. Breki hiyo hufanya kazi kwa kila titi peke yake. Ndiyo maana mama anayemnyonyesha mtoto upande mmoja tu huona upande wa pili ukinywea.

Kwa hiyo jembe, chaki au mizani havikaushi maziwa. Yanayoyakausha ni saa nyingi za titi kukaa limejaa. Mama anayefanya kazi ngumu lakini akanyonyesha au kukamua kila baada ya saa 3 atabaki na maziwa. Mama anayekaa kitini ofisini saa 9 bila kulitoa tone atayapoteza. Jambo hili halina budi kueleweka na mama, mama mkwe, yaya na mwajiri, kwa kuwa kila mmoja wao ana mkono katika hizo saa.

Kupungua huko huja kwa hatua ambazo mama asiyezijua hudanganyika nazo. Wiki ya kwanza kazini matiti hujaa, huuma na hulowesha nguo. Wiki ya pili au ya tatu maumivu hukoma na matiti huwa laini, naye hushukuru. Jioni mtoto hunyonya kwa hasira, hulia, hulivuta titi. Nyumbani husemwa: «Maziwa hayamtoshi, mpe uji.» Mtoto aliyeshiba uji hunyonya kidogo, titi hupata amri kidogo, na maziwa hupungua zaidi. Baada ya mwezi mmoja mzunguko huo umefunga. Hapa lazima pawekwe tahadhari moja: titi kuwa laini baada ya wiki ya 6 au ya 8 ni jambo la kawaida hata kwa mama asiyetoka nyumbani. Ulaini peke yake si ushahidi wa upungufu. Ushahidi ni mkojo na uzito. Mtoto wa chini ya miezi 6 anayekojoa mara 6 au zaidi kwa siku, mkojo usio na rangi kali, na ambaye mstari wa uzito wake kwenye kadi ya kliniki unapanda, anapata maziwa ya kutosha, hata kama analia jioni.

Sasa kuhusu haki ya muda. Kifungu cha 33 cha sheria iliyotajwa kinamtaka mwajiri amruhusu mtumishi anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto wake katika saa za kazi, kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Wazo hilo si geni duniani: Mkataba wa kwanza wa kimataifa wa kazi kuhusu uzazi, wa mwaka 1919, ulimpa mama nusu saa mara mbili kwa siku. Kifungu cha Tanzania hakikueleza saa hizo 2 zigawanywe vipi, jambo ambalo lina uzuri na ubaya wake. Uzuri ni kwamba mama na mwajiri wanaweza kupatana kulingana na kazi. Ubaya ni kwamba pasipo mapatano, kila upande hufasiri upendavyo, na mtumishi mgeni kazini huona haya kudai. Sheria hiyo hiyo inamkataza mwajiri kumpa mama mjamzito au anayenyonyesha kazi iliyo hatari kwa afya yake au ya mtoto. Pia mama haruhusiwi kufanya kazi katika wiki 6 za baada ya kujifungua, isipokuwa kwa cheti cha daktari. Mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa, na mama aliyejifungua mtoto njiti akaongezewa muda unaofidia wiki zilizopungua hadi kutimia 40.

Achukuliwe mwalimu wa shule ya msingi mjini Makambako, anayekaa mwendo wa dakika 20 kwa miguu kutoka shuleni. Akimnyonyesha mtoto saa 11 alfajiri na tena saa 1 kabla ya kutoka, akarudi nyumbani wakati wa mapumziko ya saa 4, na tena saa 7 mchana, kisha akafika nyumbani saa 10, hakuna mahali ambapo titi limekaa zaidi ya saa 3 au kidogo zaidi. Mwalimu huyo hana haja ya kukamua kabisa. Kinachohitajika ni ratiba ya vipindi iliyopangwa vizuri na mwalimu mkuu mwenye busara, na pengine mlezi anayeweza kumleta mtoto hadi lango la shule siku za mvua.

Hali ni tofauti kwa mtumishi anayeishi Makambako na kufanya kazi Njombe mjini. Ni kilomita zipatazo 60, na basi halimsubiri mtoto. Huyo hawezi kurudi mchana. Kwake njia iliyo bora ni kukamua mara 2 au 3 akiwa kazini, na kupatana na mwajiri kuwa sehemu ya zile saa 2 itumike kuondoka mapema. Kwa kuwa maneno ya sheria yanahusu kumnyonyesha mtoto na hayakutaja kukamua, mapatano ya namna hiyo ni bora yaandikwe.

Mchumaji wa chai ndiye aliye katika mtihani mkubwa kuliko wote. Kazi ya kuchuma majani mawili na kikonyo hupimwa kwa kilo, na malipo hufuata mizani. Sheria inampa saa 2. Mizani haimpi kilo za saa hizo. Mama anayeacha mstari wake kwenda kunyonyesha humwona mwenzake akitangulia, na jioni hesabu yake ni ndogo. Msimu wa mvua, ambapo majani hutoka kwa wingi na fedha hupatikana, ndio msimu ambao hushawishika zaidi kuacha kunyonyesha. Ni wazi kwamba haki inayomgharimu mwenye nayo sehemu ya ujira wake ni haki yenye mguu mmoja. Mwajiri anayetaka kuisimamisha kwa miguu yote miwili ana njia: kuweka kibanda cha watoto karibu na sehemu zinazochumwa, chenye paa, maji safi na mlezi mmoja au wawili, kuwaruhusu mama wanyonyeshe nyakati za kupima majani, ambapo kazi husimama hata hivyo, na kuwafidia kilo za muda wa kunyonyesha kwa kufuata wastani wa siku zao. Aliyeajiriwa kwa msimu naye hakuachwa nje ya masharti ya likizo, jambo ambalo wachumaji wengi hawalijui. Chama cha wafanyakazi wa mashambani, TPAWU, kinafaa kuulizwa.

Mtoto kubebwa mgongoni kutwa katika ukungu na baridi ya Juni na Julai si suluhisho. Wala si suluhisho kumlaza kando ya shamba la viazi linalopigwa dawa ya bakajani. Mama aliyeshika bomba la dawa, kwenye viazi au kwenye parachichi, anawe mikono na kifua kwa sabuni na abadili nguo kabla hajampakata mtoto. Bora zaidi, asipewe kazi hiyo katika kipindi chote cha kunyonyesha. Kifungu cha kazi za hatari kimewekwa kwa ajili ya mambo kama hayo.

Mama muuza mtumba au vitunguu katika soko la Makambako hana mwajiri wa kumdai saa 2, lakini ana jambo ambalo mtumishi hana: mtoto anaweza kuwa naye. Tatizo lake ni kukatizwa. Mteja akija, titi hutolewa kinywani. Mteja akiondoka, mtoto amesinzia. Inashauriwa aelewane na jirani wa meza ili mmoja auze wakati mwenziwe ananyonyesha, na mtoto aachwe amalize titi moja kabla ya kupewa la pili. Wakulima wa mwani wa mwambao wa mashariki wa Unguja wamezoea hesabu ya namna hii: kazi hufuata maji kupwa, na mama hunyonyesha kabla ya kuingia baharini na mara anapotoka.

Kwa wale wanaolazimika kukamua, mazoezi yaanze wiki 2 kabla ya likizo kwisha, si asubuhi ya siku ya kurudi kazini. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji tiririka. Chombo kiwe kikombe au bakuli lenye mdomo mpana na kifuniko, lililooshwa na kuchemshwa. Mama akae mahali pa faragha, alipapase titi kwa upole kuelekea kwenye chuchu, au alikande kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Kisha aweke kidole gumba juu ya titi na kidole cha shahada chini yake, penye mpaka wa weusi unaozunguka chuchu, asukume nyuma kidogo kuelekea kifuani, abane na aachie, abane na aachie. Vidole visiteleze juu ya ngozi, na chuchu yenyewe isivutwe, kwani kuvuta chuchu huumiza na hakutoi maziwa. Mwanzoni hutoka matone. Baada ya dakika moja au mbili huanza kuruka. Vidole vizungushwe pande zote za titi, kila titi dakika 3 hadi 5, kisha arudie upande wa kwanza. Shughuli nzima huchukua dakika 20 hadi 30. Siku za mwanzo yanaweza kupatikana maziwa ya kufunika tu kitako cha kikombe. Mama asikate tamaa: kiasi anachokikamua si kipimo cha kiasi alichonacho, kwa maana mtoto hunyonya kwa ustadi kuliko mkono.

Mama akiwa na hofu au haraka, oksitosini hukataa kutoka na maziwa hayateremki. Ndiyo maana mlango wenye komeo una thamani kuliko kiti kizuri. Ofisi nyingi hazina chumba cha ziada, lakini nyingi zina stoo, chumba cha masjala au ofisi ya mtu aliye safarini. Benchi, ndoo ya maji yenye bomba, sabuni na pazia vinatosha. Choo hakifai, hakuna mtu anayekubali chakula chake kitayarishwe chooni, na mtoto asitendewe hivyo.

Kuhusu kuhifadhi, hali ya hewa ina neno kubwa. Kanuni iliyo salama ni kuwa maziwa yaliyokamuliwa yatumike ndani ya saa 4 yakiwa nje ya jokofu. Penye baridi kama ya Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maziwa yaliyokamuliwa kwa usafi mkubwa na kuwekwa mahali penye kivuli huweza kukaa saa 6 hadi 8. Visiwani hakuna ruhusa hiyo. Mjini Unguja wakati wa kaskazi, saa 4 ni kikomo, na ni afadhali kikombe kiwekwe ndani ya bakuli la maji ya baridi au ndani ya chombo chenye barafu. Katika jokofu maziwa hukaa siku 4, yakiwekwa ndani kabisa na si mlangoni. Mafuta yake hupanda juu na kufanya tabaka. Hayo si dalili ya kuharibika, bali chombo kizungushwe polepole yachanganyike. Yapashwe moto kwa kutia kikombe katika bakuli la maji ya uvuguvugu. Yasichemshwe jikoni, na yaliyobaki baada ya mtoto kunywa yasirudishwe kuhifadhiwa.

Mlezi amnyweshe mtoto kwa kikombe kidogo. Mtoto apakatwe akiwa wima kiasi, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, naye atayalamba na kuyanywa mwenyewe, asimiminiwe. Chupa ya kunyonyea ni ngumu kusafisha, hasa penye shida ya maji na kuni, na mtoto mwingine akizoea chuchu ya mpira hulikataa titi. Mtoto wa umri wa miezi 1 hadi 6 hunywa takriban nusu lita na robo kwa siku nzima. Kwa hiyo, kwa saa 8 za kutokuwapo mama, mililita 250 hadi 350 zilizogawanywa mara 3 huwatosha wengi. Nyumba zinazodhani mtoto anahitaji chupa kubwa kila anapolia hupoteza maziwa yaliyokamuliwa kwa taabu, kisha husema hayatoshi.

Usiku ndio akiba ya mama mfanyakazi. Prolaktini hupanda zaidi wakati huo, na mtoto aliyemkosa mama mchana hupenda kulipiza usiku. Mama asilichukulie hilo kuwa tabia mbaya ya kukomeshwa. Kwa nyumba za Njombe pana onyo moja ambalo haliwezi kuachwa: jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa ili kumpasha mtoto joto. Hewa yake huua watu usingizini, mama na mtoto pamoja. Blanketi na mwili wa mama vinatosha. Siku za mapumziko, mtoto anyonyeshwe kila anapotaka, na vikombe viwekwe kando.

Chakula cha mama hakihitaji kuwa cha anasa. Anahitaji mlo mmoja mdogo wa ziada kwa siku na kunywa kila apatapo kiu. Maharage, dagaa, mboga za majani, parachichi, viazi na uji wa ulezi vyote vinafaa. Hakuna chakula kitakachofanya kazi ya kuondoa maziwa kwenye titi. Wapo wanaoamini kuwa pombe za kienyeji huongeza maziwa, na msimu wa ulanzi ushauri huo hutolewa kwa moyo mweupe kabisa. Pombe huizuia oksitosini, na hivyo huzuia maziwa kuteremka. Mama huhisi titi limejaa, lakini mtoto hapati.

Uzazi wa mpango nao umo katika habari hii, kwani mama wengi huuanza wakati wanaporudi kazini. Vidonge vyenye homoni ya estrojeni huweza kupunguza maziwa. Anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6 amweleze mhudumu kuwa ananyonyesha, naye atapewa njia isiyodhuru maziwa, kama vidonge vya homoni moja, vipandikizi au kitanzi. Na aliyekuwa akitegemea kunyonyesha pekee kama kinga ya mimba ajue kwamba kinga hiyo hulegea mtoto anapokaa zaidi ya saa 4 mchana bila kunyonya.

Katika Mkoa wa Njombe haiwezekani kuandika juu ya kunyonyesha na kunyamazia Virusi vya UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta maambukizi ya asilimia 12.7 miongoni mwa watu wazima wa mkoa huo, kiwango cha juu kuliko mikoa mingine yote, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Mama anayeishi na VVU na anayemeza dawa zake kila siku anaelekezwa kunyonyesha maziwa pekee kwa miezi 6, kisha kuendelea pamoja na vyakula vingine, huku mtoto akipewa dawa za kinga na kupimwa kama kliniki inavyopanga. Hatari iko mahali pengine. Iko katika kukosa dozi kwa sababu mama aliona haya kumeza kidonge mbele ya wenzake kazini, au kukosa tarehe ya kliniki kwa kuogopa kukatwa siku. Iko pia katika kuchanganya maziwa na uji kabla ya miezi 6, kwa kuwa vyakula hivyo huweza kuchubua utumbo mchanga wa mtoto na kufungua njia kwa virusi. Kwa mama huyu, ruhusa ya kwenda kunyonyesha si fadhila ndogo.

Maziwa ya kopo yasipewe nafasi kwa sababu ya matangazo. Tanzania iliweka kanuni za kudhibiti uuzaji wa vyakula mbadala vya maziwa ya mama mwaka 1994, ikifuata mwongozo wa kimataifa wa mwaka 1981, na kanuni hizo zikatolewa upya mwaka 2013. Si halali kuyatangaza maziwa hayo kwa umma wala kuwagawia mama sampuli za bure.

Maziwa yaliyokwisha kupungua hurudi. Mama aombe siku 2 au 3 za mapumziko, akae na mtoto ngozi kwa ngozi, amnyonyeshe kila baada ya saa 2 usiku na mchana, na akamue kidogo baada ya kila kunyonyesha. Mabadiliko huonekana ndani ya siku chache, na kwa aliyekuwa amefikia kutoa uji, uji hupunguzwa polepole kadiri maziwa yanavyoongezeka. Titi likivimba, likawa jekundu na homa ikapanda, mama aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asiache kulinyonyesha titi hilo, kwani maziwa yanayokaa ndani huzidisha ugonjwa. Baba naye anayo nafasi yake. Sheria inampa siku 3 za likizo zinazotumika ndani ya siku 7 za kuzaliwa mtoto, lakini kumpeleka mtoto kwa mama yake saa 4 asubuhi, au kuteka maji jioni ili mama akae na kunyonyesha, hakuhitaji likizo.

Mama anayekaribia mwisho wa likizo anashauriwa kumwandikia mwajiri wake barua fupi, wiki 2 kabla ya kurudi, akitaja tarehe ya kuzaliwa mtoto, saa anazoomba za kunyonyesha au kukamua, mahali atakapofanyia hivyo, na kifungu cha sheria kinachohusika. Abaki na nakala yenye sahihi ya aliyeipokea. Asipojibiwa au akikataliwa bila sababu, aanze kwa tawi la chama cha wafanyakazi, kisha kwa Afisa Kazi au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa walio Bara, na Kamisheni ya Kazi kwa walio Zanzibar. Maswali kuhusu maziwa yenyewe yapelekwe kliniki ya mama na mtoto iliyo karibu, siku yoyote ya kupima uzito, na kadi ya mtoto ichukuliwe.